Uliniuliza Kama Nilishindwa Marekani

Al Wukair, Qatar, Ijumaa baada ya sala

Nasra mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi na mama yako kwenda Wakrah kwa fundi kuchukua yale magauni, na kabla hujatoka umekula wali wote uliobaki kwenye sufuria kama mtu aliyeambiwa Marekani hakuna mchele. Upo, tena mwingi. Nyumba imekuwa kimya na mimi nimeona nitumie muda huu kuandika, kwa sababu kesho uwanja wa ndege hatutazungumza. Mimi nitahangaika na mizigo, mama yako atalia, na wewe utajifanya unasoma simu ili usilie.

Sitakuandikia habari za makoti, wala kuswali kwa wakati, wala marafiki wa kuwakwepa. Hayo mama yako ameshayasema, na atayasema tena kwa simu mpaka uchoke. Nataka nikujibu lile swali lako la wiki iliyopita.

Tulikuwa tunakula, tunazungumza habari ya chumba ambacho Anko Wekesa na mkewe wamekuandalia nyumbani kwao Columbus. Ukasema hukitaki. Ulikuwa umeshapata wasichana mtandaoni wa kupanga nao, ufanye kazi jioni na kusoma mchana, ujitegemee. Mama yako akakwambia hujui unachosema. Ndipo ukanigeukia.

"Baba, watu wanakwenda kule hawana kitu na wanafanikiwa. Ukifanya bidii unafika. Sasa ninyi mbona mlirudi? Mlishindwa, au?"

Hukusema kwa ubaya, nilikuona. Mama yako akainuka akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Mimi nikasema nimechoka, nikaingia chumbani. Sikuwa nimechoka. Sikujua nianzie wapi, na jambo lenyewe halikuwa langu peke yangu. Kesho yake nikamwomba mama yako ruhusa nikueleze yote. Akasema, "Mweleze, ameshakuwa mtu mzima. Ila usinipambe."

Basi sitampamba, na mimi sitajipamba.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu wa hesabu Korogwe, na mama yako alikuwa na kibanda cha khanga na vitenge sokoni. Usichokijua ni jinsi alivyokuwa. Sauti yake ilisikika kutoka upande wa samaki mpaka upande wa mitumba. Watu walikuja kununua na wasiponunua walikaa tu kumsikiliza. Mimi nilimwoa kwa ajili ya sauti ile, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Jina langu lilipotoka kwenye bahati nasibu ya grini kadi, shule nzima ilinisindikiza. Mkuu wa shule alisimama mstarini akawaambia wanafunzi, "Mnaona matunda ya bidii." Nikapiga makofi pamoja nao. Haikunijia hata kidogo kwamba bahati nasibu haina uhusiano na bidii. Nakuambia hili ili ujue kwamba unavyoamini wewe leo, mimi niliamini hivyohivyo, na sikufundishwa na Wamarekani. Nilikwenda na imani hiyo kutoka Korogwe.

Tulifika Ohio wakati wa baridi, mama yako akiwa na mimba yako changa. Cheti changu cha ualimu hakikunisaidia kitu. Nilipata kazi kwenye ghala moja nje ya mji, kupanga maboksi kwenye malori. Huko ndiko nilikomkuta Wekesa. Alikuwa karani katika kiwanda cha sukari kwao Kenya, mwembamba, mwenye utani mwingi. Alipojua nilikuwa mwalimu akaanza kuniita Mwalimu, na mpaka leo haniiti jina lingine. Msimamizi wetu yeye alishindwa majina yetu, akatupa ya kwake. Mimi nikawa Bob na Wekesa akawa Wes. Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana mwaka ule wa kwanza.

Mimi na Wekesa tulifanya kazi, Nasra. Sijisifu, na yeye mwenyewe atakuambia. Mtu akikosa kuja, tulichukua zamu yake. Na tulikuwa na mpango. Kulikuwa na chuo cha jamii mjini kilichofundisha uuguzi, na tulikubaliana tufanye mtihani wa kuingia wote wawili. Wekesa alikuwa anaogopa hesabu. Wakati wa mapumziko nilikuwa namfundisha sehemu na asilimia kwa kuandika na kalamu ya rangi juu ya maboksi yaliyoharibika. Tukafanya mtihani, tukapita wote. Mimi nilimpita kwa mbali. Jioni ile mama yako alipika pilau, ukiwa mgongoni mwake umefungwa khanga, na Wekesa akala mpaka akashindwa kuinuka.

Baada ya hapo ikaja baridi nyingine, na magari yetu yote mawili yakafa msimu mmoja.

Nimeifikiria habari hii miaka mingi, nikiendesha basi kwenye barabara za hapa, na kila mara nafika palepale. Gari la Wekesa lilikufa. Binamu yake, Simiyu, ambaye alikuwa ametangulia kule miaka mingi, akampa gari lake la zamani, na chumba alichokuwa anakaa kwake hakukilipia. Gari langu nalo lilikufa. Likabaki kwenye maegesho limefunikwa na theluji, na sikuwa na binamu.

Kule tulikokaa hakukuwa na basi la kwenda ghalani. Kwa muda nilipanda na Wekesa. Halafu masomo yake yakaanza, akahamia zamu ya mchana. Mimi nilikuwa nimesogeza masomo yangu mbele hadi nipate gari. Nikawa naomba lifti kwa huyu na yule, siku nyingine natembea kando ya barabara kuu ambayo haikujengwa kwa mtu anayetembea. Nikaanza kuchelewa. Msimamizi akanionya, akanionya tena, halafu akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Pole, Bob. Ndiyo utaratibu." Akanipa mkono.

Ukikosa kazi kule, kodi haikusubiri, na ukihama kwenda kwa kodi nafuu unakuwa mbali zaidi na kazi nyingine. Nafasi yangu chuoni ikapita. Nikapata kazi ya usafi wa ofisi usiku, kisha nyingine ya kuosha vyombo. Nilikuwa nafanya kazi nyingi kuliko wakati wowote, na kila mwezi nilikuwa nyuma kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Nilimficha Wekesa. Niliona aibu kumwomba mtu niliyemfundisha asilimia. Laiti ningemwambia mapema, huenda mambo yangekwenda vingine, na huenda yasingekwenda. Hilo silijui.

Sasa nakuja kwa mama yako.

Mimi nilikuwa nje mchana na usiku, na yeye alikuwa ndani na wewe. Kiingereza hakujua. Jirani wa kulia hatukumfahamu, wa kushoto alihama. Theluji ilimtisha, hata mlango hakutaka kuufungua. Kidogokidogo akaacha kuzungumza. Sikuona. Nilikuwa narudi nakuta chakula, nakula, nalala. Nikimuuliza jambo alijibu kwa kichwa. Nilidhani amechoka na mtoto.

Wewe ulichelewa kusema. Watoto wa umri wako walikuwa wanaita mama na baba, wewe unanyoosha kidole. Tukakupeleka kliniki wakakupima masikio. Yalikuwa mazima kabisa. Yule muuguzi, mama wa makamo, akaniuliza, "Nyumbani mtoto anazungumza na nani?" Nikamgeukia mama yako nimtafsirie. Alikuwa anatazama sakafu. Nilikosa la kutafsiri. Ndipo nikatambua kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilipoisikia sauti yake.

Wiki chache baadaye nilirudi asubuhi kutoka kazini nikakuta umevaa koti na kofia, umekaa juu ya sanduku karibu na mlango. Mama yako amesimama nyuma yako, amevaa baibui. Nikauliza kuna nini.

Akasema, "Tusindikize."

"Wapi?"

"Kwetu. Mimi nakwenda kwetu, Bakari. Wewe ukitaka kubaki, baki, sitakulaumu. Ila nikikaa hapa siku nyingine sitakuwa mtu tena, na huyu mtoto atakuwa bubu."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule. Nilianza kumwambia tuvumilie, masomo yanakuja, gari linakuja. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Umeniambia maneno hayo kwa Kiswahili kizuri. Lakini unayaamini?"

Nikakaa chini kwenye zulia, pale mlangoni. Ukashuka kwenye sanduku ukaja ukanikalia mapajani. Hatukuondoka siku ile, tikiti hatukuwa nazo. Lakini tuliondoka kabla ya theluji kwisha. Wekesa alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari la Simiyu. Njia nzima alikuwa anajipiga paji la uso na kusema, "Mwalimu, ungeniambia. Ungeniambia tu." Siku ile mama yako alimpa mkono akamwambia asante, na yeye akashtuka, maana hakuwa amemsikia tangu siku ya pilau.

Hiyo ndiyo habari ya kurudi kwetu. Korogwe watu walisema nimefukuzwa. Wengine walisema nimefungwa. Mkuu wa shule alikuwa amestaafu na nafasi yangu ilikuwa na mtu. Lakini mama yako alirudi sokoni, na wewe ndani ya mwezi mmoja ulikuwa unasema maneno mengi kiasi kwamba bibi yako aliomba upunguzwe. Ukiniuliza kama nilishindwa, nakuuliza na mimi, ilikuwaje kushinda kwa siku ile? Mimi jibu lake sikulipata darasani. Nilimtazama mama yako anagombana na mteja juu ya khanga yenye doa, nikaona afadhali.

Halafu nikaja Doha. Mtu wa kwetu alikuwa dereva katika kampuni ya mabasi ya shule akaniombea nafasi. Niliwaacha ninyi Korogwe, nikakaa kambini na wanaume wengine, Wanepali na Wahindi na sisi wa Afrika Mashariki. Ninachotaka ukielewe juu ya Doha ni kwamba haikuniahidi kitu. Siku ya kwanza ofisini yule bwana wa rasilimali watu alituambia wazi kwamba tumekuja kufanya kazi, mkataba ukiisha tutarudi kwetu. Hakuna aliyesema utakuwa mmoja wetu. Hakuna aliyesema ukijitahidi watoto wako watapata uraia. Nakumbuka nilipumua. Kule nilikuwa mtu aliyeshindwa kufika, hapa nilikuwa dereva tu.

Lakini usinielewe vibaya, maana najua vijana wenzako wa hapa wanavyobishana, huyu anasifu kule, yule anasifu huku. Hapa nako niliyaona yangu. Yale maduka makubwa ulikojifunzia kuteleza kwenye barafu, mimi mwaka wangu wa kwanza nilizuiwa mlangoni siku ya Ijumaa. Mlinzi, kijana wa Kiganda, alinisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani. Leo ni familia tu." Nikamwambia familia ninayo, iko Korogwe. Akasema, "Na mimi yangu iko Masaka." Tukasimama pale wote wawili, yeye kwa ndani na mimi kwa nje, halafu nikaondoka. Miaka ilipopita nikapandishwa kuwa msimamizi wa usafirishaji, nikawaleta, tukaingia mlango uleule mmenishika mikono. Wewe ulikimbilia barafu. Mimi nilimtafuta yule kijana, hakuwepo tena.

Na babu yako, baba yangu, alipofariki unakumbuka kwamba sikwenda kuzika. Tulikuambia kazi zilinibana, nawe ulininunia siku kadhaa. Ukweli ni kwamba wakati ule ulikuwa huwezi kutoka nchi hii mpaka mwajiri atie saini kibali cha kutoka, na mwenye kampuni alikuwa safarini Ulaya, na aliyeachiwa ofisi hakuwa na mamlaka ya kutia saini. Alikuwa Msudani, mtu mwema, alikuwa anapiga simu moja baada ya nyingine mpaka jasho likamtoka. Ruhusa ilipopatikana, babu yako alikuwa ameshazikwa. Nilikaa kwenye gari nje ya ofisi nikawa nafikiri, Marekani walinifukuza kazi lakini hakuna aliyewahi kunizuia kuondoka. Kila nchi ina mlango wake mgumu. Kwa mmoja ni wa kuingilia, kwa mwingine ni wa kutokea. Siku hizi sheria ile wameilegeza, nashukuru, ila kaburi nililiona baadaye.

Mama yako alifurahi hapa. Alikuta majirani Wazanzibari, akakuta duka ambalo muuzaji anajibu Kiswahili, akapata kazi kwenye shule ya chekechea, na sasa ndiye anayekuendesha kwenda Wakrah huku akiwafokea madereva wengine kwa Kisambaa. Ukisikia mtu anasema mahali fulani ni pazuri, muulize ni pazuri kwa nani nyumbani kwake.

Sasa Anko Wekesa. Tangu tuondoke kule umemwona mara moja, mwaka 2016, alipopita hapa akielekea Kenya. Ulikuwa na mitihani, ukamsalimia, ukachukua zile zawadi, ukarudi chumbani. Hukusikia tuliyoyazungumza.

Alikuwa na saa nyingi za kusubiri ndege ya pili, akaniomba nimpeleke kanisani. Nilimwambia ana bahati, ni Ijumaa, ndiyo siku ya ibada hapa. Akashangaa.

"Hapa watu wanaenda kanisa Ijumaa?"

"Ndiyo mapumziko."

"Sawa tu. Mungu hana shida na siku."

Nikampeleka Mesaimeer kwenye majengo ya makanisa, nikamsubiri kwenye maegesho chini ya kivuli cha ukuta. Alipotoka alikuwa katikati ya kundi la vijana Wakenya na Waganda, walinzi na wahudumu wa hoteli na wasichana wa kazi za ndani, wamependeza, wote wanaongea kwa pamoja. Walikuwa wamesikia anakaa Marekani, tena ni muuguzi mkuu wa wodi, ana nyumba. Aliingia garini, akafunga mlango, na tulipofika barabara kubwa akaanza.

"Hao vijana, Mwalimu, wote waliniuliza kitu moja tu. Vile wanaweza kufika Amerika."

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia wafanye bidii." Akacheka, ila si kile kicheko chake. "Halafu nikakumbuka wewe uko hapa nje kwa gari unaningoja. Nikanyamaza."

Nikamwambia yamepita.

"Hapana, wacha niseme. Wewe ulikuwa unafanya bidii kunishinda. Hata hiyo hesabu ilinipitisha ni yako. Mimi nilikuwa na Simiyu. Ni hiyo tu. Gari ya Simiyu na nyumba ya Simiyu. Bila hiyo, saa hii tungekuwa wawili hapa, tunaendesha basi."

Nilimuuliza kama kule ni kuzuri basi, baada ya yote. Wekesa wa zamani angeleta utani.

"Nisikudanganye, sijuti. Mtoto wangu mkubwa ni injinia. Baba yangu alizikwa bila kuvaa viatu maisha yake yote, na mjukuu wake anachora madaraja. Hiyo si mchezo." Kisha akasema, "Lakini nimefanya kazi usiku karibu maisha yangu yote kule. Watoto wangu wananiongelesha na heshima, vile unaongelesha mgeni. Na nyumba nimejenga Bungoma, sijawahi lala hapo zaidi ya wiki mbili. Hiyo pia andika kwa hesabu yako."

Tulipofika uwanja wa ndege ndipo aliposema habari ya chumba. "Huyu msichana wako amezaliwa kwetu Ohio. Siku moja atataka kurudi. Akikuja, asiende kupanga na watu hajui. Mimi nilipewa chumba, na sitaki nizikwe na deni hiyo."

Nimekuwekea mazungumzo haya kama yalivyokuwa kwa sababu wewe unaamini kwamba chumba cha Wekesa ni huruma, na kwamba kukikubali ni kuanza vibaya. Umesoma mahali kwamba waliofanikiwa kule walianza na mikono mitupu. Mimi niliwaona walioanza na mikono mitupu, nilikuwa mmoja wao, tulikuwa wengi kwenye ghala lile, na wengi wao hakuna aliyeandika habari zao. Anayeandikwa ni yule aliyefika. Naye akiulizwa, kwa haraka husema bidii, kwa sababu ndiyo sehemu yake anayoikumbuka kwa mwili. Gari la Simiyu halikumuuma mgongo.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Ile ndoto ya Marekani si uongo. Nimeiona imetimia, nimekaa nayo ndani ya gari langu. Lakini si ya kila mtu, na wanaoikosa hawaikosi kwa uvivu. Inataka bidii, na juu ya bidii inataka mtu wa kukushika gari likifa, inataka usiugue vibaya wakati mbaya, inataka uliyenaye nyumbani asinyauke wakati wewe unakimbia. Wewe unakwenda na mengi ambayo mimi sikuwa nayo. Una pasipoti yao, una lugha yao, huna mume wala mtoto wa kuangalia. Pia unakwenda na jina ambalo watashindwa kulitamka na rangi ambayo wengine wataiona kabla hawajakuona wewe. Sikwambii hilo ukae ukiogopa. Nakwambia ili siku likikutokea usidhani ni jambo ulilolifanya.

Kipokee chumba. Si lazima ukae milele. Lakini kipokee, na ukiona mambo yanakwama, mwambie mtu siku ileile. Usisubiri upate la kujisifia kwanza ndipo upige simu.

Na ukifika, wakija wengine nyuma yako hawana mtu, utajua la kufanya. Usiwape hotuba.

Kuna jambo la mwisho, nalo sijalisema mezani kwa sababu mama yako hapendi kulisikia. Unaondoka Doha na unaiita kwenu, na ni haki yako, ndiko ulikokulia, marafiki zako wako Thumama na Wakrah, na Kiarabu unakisema vizuri kuliko mimi. Lakini ukikaa nje miezi sita, kibali chako cha ukaazi kinakufa. Hutaweza kurudi hapa ila kwa viza ya mtalii, kama mtu aliyekuja kutazama majengo. Na sisi tuko hapa kwa mkataba wangu. Ukiisha, tunafunga mizigo. Inawezekana ukahitimu tukiwa tumeshaondoka, na nyumba hii anakaa mtu mwingine. Kwa hiyo kesho ukitoka mlangoni itazame vizuri. Sisemi hivyo kukuhuzunisha. Ni afadhali uitazame ukijua.

Mimi siwezi kukuahidi Marekani, na Doha si yangu ya kuahidi. Ninachoweza ni hiki. Popote mimi na mama yako tutakapokuwa, simu itapokelewa. Ukisema umefaulu, tutafurahi na kuwaambia majirani. Ukisema unataka kuja tulipo, tutakuambia ndege inatua saa ngapi na nani atakupokea, na hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Ni mimi baba yako,
Bakari